Wigi la Bibi Salafina

Tangu kulipokucha Filemoni hakutulia. Alimimina kakao, akakisahau kikombe ngazini, akaenda kukitafuta jikoni, akarudi na kukuta kuku amekipindua. Akachukua ufagio, akafagia ua uliokwisha kufagiwa. Mama yake, Ianeta, alikuwa anaanika nguo juu ya kaburi la bibi, pale mbele ya baraza, maana saruji ya kaburi hupata jua la asubuhi kuliko kamba yoyote, na alimwona kijana akimpita mara ya ngapi sijui.

"Wee, umemwagiwa upupu?"

"Sina kitu, mama."

"Basi keti. Unanizungusha kichwa."

"Nimeketi."

"Umeketi, na hiyo miguu inayonipita ni ya nani?"

Filemoni akacheka kidogo, lakini macho yake yalikuwa kwenye nguo ya mwisho ndani ya beseni. Lilikuwa koti jeupe. Ianeta alilishona mwenyewe, akalifua kuondoa alama za chaki, na sasa alilitandaza katikati ya kaburi, mkono huku na mkono huku, akilipapasa likae sawa. Kesho Jumapili Filemoni angelivaa mbele ya kanisa zima la Vaitoa. Mchungaji angemwombea, mikeka ya heshima ingetandazwa, nguruwe angechinjwa, na keshokutwa angepelekwa chuo cha wachungaji, asitoke huko mpaka awe na Biblia yake kwapani na kusanyiko lake la kulihubiria. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Si kwamba watu wale walikuwa wabaya. Jambo lilikwisha kukatwa yeye akiwa hajui hata kutambaa. Mwaka ule wa kimbunga alishikwa na homa mpaka daktari akaacha kuwatazama wazazi usoni, na baba yake, Lemafua, akapiga magoti kwenye sakafu ya hospitali akamwambia Mungu: mwache aishi, nami nitakupa awe wako. Filemoni akaishi. Tangu hapo, kila Jumapili ya Watoto, watoto wakimaliza kukariri aya zao, Lemafua huinuka akaisimulia nadhiri ile, na kanisa zima humgeukia Filemoni na kumtazama kama nguruwe wa sikukuu.

Angeweza kusema hapana? Sema wewe, kama baba yako ni Lemafua. Yule ni mkuu wa ukoo; akianza kuongea kwenye baraza la kijiji, hata anayetaka kupiga chafya huisubirisha. Na mtoto wa Vaitoa hambishii baba yake, awe na ndevu asiwe nazo. Filemoni alikuwa na ndevu, na kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, na bado kila alipofungua mdomo mbele ya mzee kilichotoka ni "ndiyo, baba". Alijaribu wakipalilia magimbi. Alijaribu wakipanga mawe ya moto ya chakula cha Jumapili. Ndiyo, baba. Ndiyo, baba. Usiku alikuwa anajigeuza kitandani akijichukia.

Ilibaki njia moja tu, nayo ilikuwa leo alasiri, kwenye ghala.

Ghala hilo zamani lilikuwa la mbata. Mama Fuatino, mwalimu mstaafu mwenye kifua kipana na ulimi usiolala, alilichukua likiwa na panya tu, akajenga jukwaa la mbao, akaomba viti vya plastiki kwa kila mwenye harusi aliyekwisha kuoa, akaliita jumba la maigizo. Ole wako uliite ghala mbele yake. Kila msimu huwa na siku ya wachekeshaji wa mtu mmoja mmoja. Siku hiyo huna mwenzako wa kukuokoa, ni wewe na mdomo wako.

Na hapo ndipo desturi ya wazee inapofanya kazi. Anayesimama jukwaani kuchekesha si mtu, ni mzimu. Mzimu hauna adabu. Haumjui mkuu wala mchungaji, husema unachotaka, na anayesemwa inampasa acheke pamoja na wengine, kwa sababu nani atautoza mzimu faini? Mkuu akinuna, yeye ndiye atakayechekwa mpaka mwaka mwingine. Lakini mzimu ni mzimu ukiwa umevaa mavazi yake. Mama Fuatino alilirudia hilo kila zoezi, kwa sababu Filemoni alikuwa na mkono mbaya: joto likimzidi, huvua wigi akajifutia uso.

"Mkono huo!" alimfokea juzi. "Mkono huo utakuja kukuua! Umesahau yaliyompata Semisi?"

"Sijasahau, mama."

"Semisi alikuwa anamsema mchungaji na tumbo lake, watu wanacheka, na mchungaji mwenyewe anacheka. Kichwa kikamwasha. Akavua kofia ya mzimu, akajikuna, huku maneno yanaendelea! Baraza likasema, huyo sasa ni Semisi. Ukoo wake ulitoa nguruwe na makatoni ya samaki wa kopo mpaka duka likaishiwa. Sasa nisikilize. Ukivaa, wewe ni Bibi Salafina. Ukivua, ni wewe. Na wewe, mwanangu, mbele ya baba yako huna ruhusa hata ya kukohoa."

Bibi Salafina ndiye aliyelala kwenye lile kaburi la kuanikia nguo. Alikuwa mama yake Lemafua, mwanamke wa tumbaku na kikohozi, na mpaka siku anakata roho alikuwa akimwita Lemafua "kijana", ukuu wa ukoo au si ukuu. Katika dunia nzima ni yeye peke yake aliyewahi kumwambia Lemafua hapana, na Lemafua akanyamaza. Kwa hiyo Filemoni aliamua kumfufua. Alichambua makumbi ya nazi yakawa nyuzi, akayashona kuwa wigi, akalipaka majivu likawa na mvi. Mpango ulikuwa mwepesi. Bibi atatoka kaburini, atawachekesha, na mwishoni atasema: kijana, mwache mjukuu wangu, hana mwito. Watu watacheka, mzee itabidi acheke, na neno litakuwa limeshasemwa. Atarudi nalo nyumbani, alale nalo, na kesho asubuhi huenda akaliulizia.

Ilikuwa huenda tu, lakini Filemoni hakuwa na kingine.

Alasiri ghala likajaa mpaka madirishani. Joto lilikuwa la kuchemsha mayai. Kina mama wakapitisha beseni la maandazi, watoto wakakaa mkekani mbele, na nyuma yao wakakaa wakuu wa koo, kila mmoja na upepeo wake wa ukili. Lemafua alikaa katikati, mpana, kimya, anapepea polepole. Ianeta alikuwa pembeni na kina mama wa kwaya.

Ropati ndiye aliyefungua. Rafiki huyu wa Filemoni alikuwa mzimu wa mtu anayempigia simu shangazi yake aliyeko ng'ambo, huko Auckland.

"Haloo, shangazi? Hapana, hatuombi kitu! Tumekukumbuka tu. Nyumba? Nyumba nzima, shangazi, inasimama. Paa? Paa lipo. Lipo kwa jirani. Hapana, hatuombi kitu! Nilitaka kukuuliza tu, eti huko kwenu mabati huwa ya rangi gani?"

Watu walikufa kwa kicheko. Nyuma ya pazia Filemoni hakusikia utamu wowote. Alikwenda mpaka ukutani, akarudi, akakwenda tena, akitafuna kucha ambayo ilikwisha zamani. Mama Fuatino akamkamata sikio.

"Simama! Mbao zangu zitaisha."

Ropati akarudi ndani, anatiririka jasho. "Wamechemka, ndugu yangu. Nimekuachia moto."

"Baba amecheka?"

"Mzee? Amepepea."

"Nimekuuliza amecheka."

"Amepepea kwa furaha. Ingia, bwana!"

Filemoni aliingia kinyumenyume, kiuno kimepinda, kanga ya zamani kifuani, na kabla ya neno lolote akakohoa. Kile kikohozi. Kilianzia chini sana, kikapanda ngazi moja moja, kikaishia kwa mluzi. Mwanamke mmoja mzee akapiga kelele kutoka nyuma, "Salafina!" Upepeo wa Lemafua ukasimama. Kisha ukaendelea.

"Nani ameniamsha?" Bibi akauliza. "Nimelala, nimetulia, nasikia kitu cha baridi usoni. Nikasema, Bwana amekuja! Nikafungua jicho moja. Suruali mbichi ya Lemafua!"

Ghala likapasuka.

"Watu wengine huletewa maua. Mimi naletewa soksi. Mvua ikinyesha, mnakimbia kuokoa nguo, na mimi mnaniacha palepale! Kijana!" Akamnyooshea kidole Lemafua. "Kaa wima! Mkuu wa ukoo hakai kama gunia la magimbi!"

Na Lemafua akakaa wima. Mgongo ulitii kabla kichwa hakijajua. Wakuu waliokuwa kando yake walijiinamia kwa kicheko, mmoja akaangusha upepeo, na Lemafua mwenyewe akatabasamu, tabasamu la pembeni, ambalo Filemoni alikuwa hajaliona tangu wazee walipoanza kuhesabu mikeka ya sherehe. Moyo ukamruka. Inakwenda, alijiambia. Inakwenda.

"Sasa leo asubuhi," Bibi akaendelea, "nimefunikwa koti. Jeupe! Nikasema eh, hatimaye wamenikumbuka. Nikajaribu mkono mmoja. Kumbe si langu, ni la mjukuu. Nini? Eti anakwenda kuwa mchungaji. Nani? Filemoni? Huyu anayelala kwenye mahubiri mpaka akaota anahubiriwa?"

Walicheka, na kicheko kile kilikuwa na kitu ndani yake. Watu walianza kumtazama Lemafua. Majivu ya wigi yalikuwa yamechanganyika na jasho, yakashuka usoni, yakamwingia Filemoni machoni. Yaliwasha vibaya. Alibakiza sentensi moja, ile aliyokuwa ameibeba tangu mwezi uliopita: kijana, mwache mjukuu wangu. Akavuta pumzi. Macho yanawaka, haoni mbele, na mkono, ule mkono mbaya, ukapanda wenyewe, ukavua wigi, ukafuta uso.

"Siendi," akasema.

Aliisikia sauti akajua. Haikuwa ya bibi. Ilikuwa yake mwenyewe, nyembamba, na wigi lilikuwa kiganjani.

"Mungu wangu," Mama Fuatino akasema nyuma ya pazia.

Angeweza kulirudisha kichwani, akakohoa, labda wangelipitisha kama ajali. Lakini mtu aliyekaa na neno kooni majuma yote yale, likishatoka kichwa, kiwiliwili hakirudi.

"Siendi, baba. Nisamehe. Hapa ninaigiza, na kila mtu anajua ninaigiza. Kule mimbarini nitaigiza pia, na hakuna atakayejua ila mimi na Mungu. Watu wataniletea maiti zao na wagonjwa wao, nami nitawadanganya. Sijaitwa, baba. Nimesikiliza sana. Sijaitwa."

Wigi likamponyoka. Likabingirika ukingoni mwa jukwaa, likadondoka chini, likapita kati ya watoto, likakomea miguuni pa baba yake.

Hakuna aliyecheka tena. Pepeo zote za wakuu zilikuwa zimelala mapajani. Ianeta alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mkuu mmoja akakohoa kile kikohozi cha mtu anayejiandaa kusema, na kila aliyekuwa mle ndani alishaanza kuhesabu kichwani, nguruwe kwanza, kisha makatoni.

Lemafua akainama. Magoti yalimlia. Akaliokota wigi, akalitazama, akaona majivu yamemshika vidoleni. Kisha akapanda jukwaani. Filemoni, akiona anakuja, akaketi chini na kukunja miguu, kichwa kimeinama, kama inavyompasa mtoto. Aliogopa sana. Alikuwa tayari kwa kofi, na alikuwa tayari kwa jambo baya kuliko kofi, yaani mzee ageuke aende zake bila neno.

Aliona vivuli vya mikono. Kitu chenye kuwasha kikamkalia kichwani, upande, nywele za mbele zimekwenda kisogoni. Baba yake alikuwa amemvisha wigi.

"Mama yangu hajamaliza kusema," Lemafua akaliambia ghala.

Halafu na yeye akaketi. Mkuu wa ukoo, mbele ya kijiji, akaketi kwenye mbao na kukunja miguu mbele ya wigi la makumbi. Alipoongea, hakuongea kwa sauti ya baraza.

"Mama, na nadhiri yangu je? Niliitamka kwa mdomo wangu. Alikuwa anakufa, mama. Nilikuwa sina kingine cha kutoa. Siwezi kumdanganya Mungu."

Hilo halikuwamo kwenye mchezo. Filemoni hakuwahi kufikiri kwamba na mzee alikuwa na neno lake kooni, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Akakohoa, apate nafasi tu, na kikohozi kikapanda ngazi zake moja moja, na bibi akaja nacho.

"Kijana. Siku ile, aliyepiga magoti ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Mtoto alisema nini?"

"Hakusema. Alilia."

"Basi nadhiri ni ya aliyesema! Mungu amekaa anakungoja wewe, na wewe unamtuma mtoto. Ndivyo ulivyo tangu udogo. Nikikutuma kuchota maji, unamtuma mdogo wako!"

"Kweli kabisa!" Mdogo wake Lemafua alisimama kule kwenye viti, mzee wa mvi, kidole juu. "Mpaka leo, mama! Mpaka leo ananituma!"

Hapo ghala lilipasuka tena. Watu walicheka mpaka wakashikana, watoto walicheka bila kujua kwa nini, na Mama Fuatino alikuwa analia kwenye pazia lake. Lemafua alicheka pia, mabega yote, na katikati ya kicheko Filemoni aliona wazi kwamba anaumia. Aliumia kama mtu anayetua mzigo ambao bega limekwisha kuuzoea.

"Nimesikia, mama," akasema, na akashuka.

Mlangoni, wakati wa kutoka, yule mkuu wa kikohozi alimsogelea akitaka kujua kuhusu faini, maana kijana alivua, na kila mtu aliona.

"Aliyesema ni mama yangu," Lemafua akamjibu. "Nyumba yake unaijua, iko mbele ya baraza langu. Nenda kamtoze."

Nyumbani Lemafua alikula, akasali, akalala. Filemoni alikaa ngazini mpaka mbu wakamfukuza.

Jumapili asubuhi kaburi lilikuwa limeoshwa. Hapakuwa na nguo hata moja juu yake, na koti halikuonekana, wala baba hakuonekana. Walimkuta kanisani, ameketi mahali pake. Alikuwa amevaa koti jeupe. Mikono ya koti ilimwishia chini kidogo ya kiwiko, vifungo vilikataa kabisa kufika kwenye matundu, na mgongoni mshono ulikuwa unaomba dua. Ianeta akafumba macho kwa ajili ya kazi yake ya sindano.

Wakati ulipofika Lemafua akainuka, akaanza kuisimulia nadhiri kama alivyoisimulia miaka yote, kimbunga, homa, sakafu ya hospitali, na kanisa zima likamgeukia Filemoni kwa mazoea.

"Msimtazame yeye," Lemafua akasema. "Nitazameni mimi. Aliyepiga magoti ni mimi. Mchungaji, kwa umri huu chuo hakitanichukua, na mkinipa mimbari mtachoka. Lakini kengele ya kanisa hupigwa na vijana, na kila siku wanachelewa. Kuanzia kesho nitaipiga mimi, mpaka nife."

Watu wakanong'ona. Mkuu wa ukoo, apige kengele! Mchungaji alivua miwani, akaifuta, akairudisha, akasema amina kwa kuwa hakupata neno jingine. Nguruwe aliliwa vilevile.

Jumatatu kabla ya jua, mtungi mtupu wa gesi unaoning'inia kwenye mshelisheli wa kanisa, ndio kengele yenyewe, ukaanza kulia. Ulilia vibaya, haraka haraka, kisha polepole, kama wa mtu anayejifunza. Ianeta aliamka akaenda kumwamsha Filemoni. Akamkuta amelala fofofo, mdomo wazi, miguu yote miwili imetulia juu ya mkeka.

Akamwacha. Akabeba beseni la nguo, akalipita kaburi, akaenda kutafuta mahali pa kufunga kamba.